Nani Kamaliza Maziwa

Niliipata kwenye mnada wa vitu vya marehemu,
Barabara ya Kinsman, Cleveland,
chini ya pasi mbovu na raba za mtoto.
Dola moja na nusu. Muuzaji hakuniangalia usoni.
Juu ya kaseti, kwa wino mwekundu:
Dex na Cortez. Machi 94. USIFUTE.

Nimewahi kulipa zaidi.
Nimelala garini kule Toledo, theluji ikinizika polepole,
nikisubiri Verlon afungue duka
aniuzie santuri yenye mkwaruzo mrefu kama uongo.
Mke wangu, siku aliyoondoka, alisema,
“Wewe hupendi muziki, Thaddeus.
Unapenda wengine wasiwe nao.”
Nikamjibu kwa kupanga kabati upya, kwa alfabeti.

Vijana wawili, maikrofoni moja,
mdundo wa kuazima, umekatwa kwenye santuri ya kwaya,
sindano inaruka palepale, palepale,
hadi kosa likageuka ngoma.
Dex anafoka kama anayekimbilia basi la mwisho.
Cortez anachelewa makusudi,
anatembea nyuma ya mdundo, mikono mfukoni.
Halafu, katikati ya wimbo wa tatu, mlango unalia,
na mama anaingia na swali lake:
“Nani kamaliza maziwa?”
Kimya.
Kicheko cha waliofumaniwa.
Kisha mistari inaendelea
kana kwamba maziwa hayakuwahi kuwapo duniani.

Miaka kumi na miwili niliiatamia
kama kuku juu ya yai viza.
Akiba haiozi, husema watu.
Hawajawahi kuweka akiba ya utepe.

Mtu mmoja tu nilimnakilia, Hideyuki wa Osaka,
aliyenitumia santuri tatu bila kuomba kitu,
nami nikaona haya.
Hata hivyo nilipunguza sauti kidogo,
na nikakata sekunde kumi za mwisho,
ili yangu ibaki kuwa yangu.

Februari mashine ikaimeza.
Utepe ulitoka umekunjamana, kama utumbo wa samaki,
nikauzungusha kwa kalamu hadi saa tisa usiku,
nikaunga kwa gundi, nikapuliza, nikatukana.
Kilichobaki ni mlio wa mtu anayeongea chini ya maji.

Mwezi uleule simu ikaita.
“Naitwa Latrice. Cortez alikuwa kaka yangu.
Nasikia unayo sauti ya mama.”
Hakusema sauti ya kaka. Nilisubiri aseme. Hakusema.

Nikamwandikia Hideyuki, maneno machache, ya aibu.
Akajibu kabla sijalala:
anayo, na fundi mmoja wa mabomba Gdańsk anayo,
na binti wa Lyon anayefokea jikoni kwake,
na wengine ambao hata yeye hawajui majina.
“Sauti iko chini kidogo,” aliandika,
“na mwisho unakatika. Pole. Nadhani ni kaseti yenyewe.”
Nadhani ni kaseti yenyewe.
Nilisoma hapo mara nne.

Jumapili nikaenda kwa Latrice.
Jiko dogo, kalenda ya kanisa, paka asiyenitaka.
Alikaa bila kuvua koti.
Wimbo wa kwanza alitazama dirisha.
Wa pili, alitazama mikono yake.
Wa tatu, mlango ukalia, mama akauliza,
na yule mwanamke wa miaka arobaini na tatu
akainua kidole, kama yuko darasani:
“Mimi,” akasema. “Mimi ndiye niliyemaliza.”
Akacheka mpaka akashika ukingo wa meza.

Kisha tukafika pale nilipopakata.
“Ndio mwisho?” akauliza.

Mimi, ambaye sijawahi kufoka hata bafuni,
nikakohoa, nikagonga meza kwa vidole,
nikatafuta mahali Cortez alipokuwa akichelewa.