Ubao Mgongoni mwa Punda

Tandika, saa kumi alfajiri, umeme hakuna.
Nasoma kwa kurunzi maisha ya Eulalia Canul,
mwalimu wa Yukatani, kule Meksiko.
Baba yake alikata mkonge hadi akafa,
na deni la duka la tajiri
likamrithi mtoto.
Mapinduzi yalipopita na farasi wake
akapewa chaki, punda, na ubao mmoja.
Vijiji arobaini.

Nafunga kitabu, kidole kikibaki ndani.
Baba yangu naye alikata mkonge, Korogwe,
mbegu iliyovuka bahari kutoka kwao.
Miiba haikuhitaji mkalimani.

Nami nilihamishwa mara tisa:
sanduku la bati, godoro, barua yenye muhuri.
Liwale watoto walinifundisha kutega panya.
Namanyere nilizika mwanangu Jumamosi,
Jumatatu nikasahihisha madaftari.
Hilo sijalisamehe, wala sijui nimlaumu nani.

Uzeeni Eulalia aliulizwa amebakiwa na nini.
Akaonyesha vidole. Vumbi jeupe.

Jana, foleni ya pensheni, mwanamume mwenye mvi
alinipisha mbele yake.
"Shikamoo, mwalimu. Mie wa Liwale.
Hesabu za sehemu
mpaka leo zinanishinda."