Kibao cha Kichochoro

Babu Heidarqoli, tarishi wa posta ya Kermanshah,
hakuwahi kukiamini kibao.
"Jina la njia," alisema, "ni kilemba cha ukoka.
Leo unavikwa, kesho mbuzi anakila."

Alipoanza kazi, kichochoro chetu kilibeba jina la mfalme.
Mwaka mafuta yalipotangazwa kuwa yetu
vijana wakaja na ngazi na kopo la kijani,
wakaandika jina la waziri.
Kisha asubuhi moja ya Agosti
akakuta rangi bado mbichi, mfalme karudi,
na mwokaji mikate akimpa chenji bila kumtazama usoni.

Akajifunza kutouliza.
Bahasha zilikuja na majina mawili ya njia moja.
Zote alizifikisha, kwa kuufuata mforsadi,
mlango wa buluu,
kikohozi cha Bi Golandam.

Halafu ule mwaka wa takbiri juu ya mapaa
mama yangu, miaka kumi na sita, aliking'oa kibao kwa mikono yake,
akakitupa mferejini, akacheka hadi machozi.
Kwa wiki saba kichochoro hakikuwa na jina.
Babu husema hakuna barua iliyopotea wiki hizo.
Mama huondoka chumbani zikitajwa.

Kibao kilichofuata kilikuwa cha mjomba.
Bahman, kumi na tisa,
alirudishwa kutoka mpakani katika sanduku jepesi mno.
Walitaka picha; bibi akawapa ya shuleni,
ile aliyofumba jicho moja.
Tangu siku hiyo babu alipeleka barua
kwa watu wanaoishi ndani ya mwanawe.
Bili ya maji: Shahidi Bahman, nyumba ya tatu.
Hati ya mahakama: Shahidi Bahman.
Kadi ya harusi.

Vuli ile shungi zilipochomwa barabarani
binti yangu Rojin alirudi usiku, kucha zina rangi nyekundu.
Kulipokucha tukaona: chini ya jina la mjomba,
bila kuligusa,
jina la msichana waliyekaa dawati moja.
Manispaa wakaja na chokaa. Likarudi.
Wakaja tena.

Babu sasa haoni. Alitaka apelekwe ukutani.
Akapitisha kidole, akakinusa:
"Mbichi."
Akataka asomewe mara mbili, kama anwani yenye mwandiko mbaya,
kisha akapapasa mfuko wa koti,
akitafuta bahasha.