Kwenye Mkunjo

Kwenye kifuniko cha mkebe wa biskuti
ninamoweka vifungo, zipu na sindano za cherehani,
kuna ndege nyekundu ya mashindano ya zamani,
namba tisa ubavuni, magurudumu yamevalishwa viatu,
rubani kichwa nje, kofia ya ngozi, miwani.
Mchoraji alisimama upande wake wa kushoto.
Upande wa kulia hakuna aliyeuona.

Miaka ishirini nimeufunua mkebe huo nikitafuta kifungo.
Mwezi wa sita, baridi ya Lubumbashi ikiuma vidole,
wateja wamepungua Kamalondo nzima,
nikamwaga vifungo vyote mezani,
nikachukua utepe, nikajipima kichwa.

Kwa sababu pale kifunikoni kichwa cha rubani ni punje ya mtama,
na changu, kidevu hadi utosi, ni sentimita ishirini na mbili.
Punje ngapi kutoka pua hadi mkia?
Thelathini na moja. Nilihesabu mara tatu.
Basi yenyewe ilikaribia mita saba,
na yangu, nikiigawa kwa tano,
italala juu ya meza ya kukatia, mkia ukining'inia.

Mbavu nilizikata kwenye tripleksi ya dari
iliyoanguka kwa kina Numbi mvua zilipokuwa kali.
Mgongo ni matete ya kando ya Kafubu.
Ngozi ni bitana ya koti la bwana mmoja
aliyelipa nusu asirudi.
Nikaipaka gundi ya maji, ikakauka,
ukiigonga kwa ukucha inajibu.

Na upande wa kulia?
Wanaouliza hivyo hawajawahi kukata shati.
Nguo hukatwa nusu.
Unakunja kitambaa, unalaza nusu ya kielelezo kwenye mkunjo,
mkasi unapita mara moja,
ukifunua, kifua kizima kinakutazama.

Mota ilikuja na basi kutoka Kolwezi
ndani ya soksi ya pacha wangu Kyungu,
aliyenitangulia kuzaliwa kwa nusu saa
na hajaacha kulisema.
Akapiga simu: «Weye Kabange, usiiweke sawa.
Ipindishe kiloko upande wa kuume.»
Nikacheka. Nimeshona suti za maharusi,
sawa ndiyo kazi yangu.

Jumapili, kwenye uwanja ambapo bomba la moshi
na ule mlima mweusi wa masalia ya shaba
vinaonekana juu ya paa za bati,
watoto walikuja mbio: «Mama, hii njo nini?»
Sikuwa na jibu fupi.
Ikakimbia, vumbi jekundu nyuma yake,
ikanyanyuka kama pindo lililoshikwa na upepo,
halafu kushoto,
kushoto,
kushoto, vidole vyangu vikiikatalia bure,
hadi kwenye kichuguu.
Bawa lililovunjika ni lile lenye picha.

Usiku nilikuwa nashona bega la koti la katekista
nikasimamisha mguu juu ya pedali.
Kila mtu niliyempima maishani
ana bega moja lililoshuka.
Naweka pamba kidogo chini ya bitana,
simwambii,
anajitazama kwenye kioo anasema: sawa kabisa.

Nikakunja karatasi ya kaki mara tatu,
nikaichomeka nyuma ya mota, upande wa kushoto,
ili pua iangalie kuume kiasi cha unene wa mshono.

Jumapili ya tatu ikapanda ikanyooka.
Ikavuka goli, ikavuka waya za umeme, nikairudisha,
ikapinda kulia kwa mara ya kwanza
na kunionyesha ubavu ule
ambao mchoraji hakuuona, wala mimi mwenyewe
sikuwa nimeukumbuka: mwekundu mtupu,
nilisahau kuandika namba.

Nikabaki naukodolea macho, nusura niipoteze.

Kyungu sikumpigia simu hadi Jumanne.