Wodi ya Mapafu, Zamu ya Usiku

Barua ya kuacha kazi naibeba tangu Jumatatu
katika mfuko wa kulia wa sare,
pamoja na mkasi, kalamu mbili zisizoandika,
na peremende niliyopewa na mjane wa kitanda cha sita.
Nimeikunja mara nne. Imelainika kama leso.

Wałbrzych umelala. Theluji ya Machi imeshachafuka.
Migodi ilifungwa nikiwa na miaka ishirini na moja;
vumbi lake halikufungwa,
lilihamia huku kwetu, ghorofa ya tatu,
linakohoa.

Vitanda thelathini na vinne. Wauguzi wawili.
Mmoja ni mimi. Mwenzangu, Jadwiga,
anastaafu Juni; goti lake limestaafu tangu mwaka juzi.
Żaneta alikuwa wa tatu. Akaenda Norwei,
akatutumia picha ya chumba chao cha chai:
kiti, kikombe, dirisha.
Hakuandika neno. Tuliitazama
kama waliofunga wanavyotazama sinia.

Kabatini tuna visanduku kumi na vinne vya chokoleti.
Naijua ladha ya kila asante ya mji huu:
yenye cheri ndani, yenye karanga, iliyopitwa na tarehe.
Bili ya gesi haipokei cheri.
Mkurugenzi naye alituletea semina,
kijana mwenye viatu vyembamba, aje atufundishe kupumua.
Sisi. Wodi ya mapafu.
Hesabu nne ndani, hesabu sita nje,
na kengele tatu zikilia nyuma yake.
Jadwiga alicheka hadi akashika ukuta,
kisha kicheko kikageuka kitu kingine,
nikamfungia mlango.

Husema: umechoka, kalale.
Nimelala. Mwezi wa pili nililala siku mbili mfululizo,
nikaamka vilevile,
kama sufuria iliyounguza: waisugua, yang'aa,
ukipika tena chakula kinanuka moshi.
Huu si uchovu wa miguu.
Nimeanza kuwaita kwa namba.
"Kumi na moja anataka maji."
Kumi na moja ni Bwana Zenon Kulpa,
miaka ishirini na saba chini ya ardhi,
anayejua kutofautisha makaa kwa kuyanusa,
aliyewahi kuniambia mwamba ukitaka kuanguka
panya hukimbia kwanza, nawe uwafuate, usiulize.
Jumapili nililisahau jina lake saa nzima
wala sikuona haya.
Hilo ndilo lililoniandikia barua.

Saa kumi alfajiri, kengele ya kumi na moja.
Namkuta ameketi, midomo ya samawati, macho kodo
kama aliyesikia nguzo ya mgodi ikilia.
Oksijeni. Mto. Mkono wangu mgongoni,
mbavu zake zapanda na kushuka chini ya kiganja,
naye anauliza, kati ya pumzi na pumzi:
"Dada Bogna, wewe umekula?"

Sijala.
Natafuta karatasi ya vipimo; zimekwisha,
tangu mwaka mpya wanatupimia hata karatasi.
Natoa iliyo mfukoni, naigeuza,
naazima kalamu yake ya kujazia chemshabongo,
naandika mgongoni mwa barua yangu:
Kulpa Zenon. Saa kumi na dakika kumi.
Oksijeni themanini na tatu.
Themanini na saba.
Themanini na saba.
Tisini.

Asubuhi daktari ataichukua, ataitoboa matundu mawili,
ataitia kwenye faili.
Upande wa pili hawasomi kamwe.
Itabidi niandike nyingine, na hii ya kwanza
ilikuwa nzuri, nilitumia usiku mzima
kutafuta neno lisilo na hasira.

Nje lori la chumvi linapita polepole, linamwaga.
Namenya ile peremende.
Nakaa kwenye kiti cha wageni, dakika moja tu,
nahesabu pumzi za Zenon,
si kwa namna ya yule kijana.