Usiniombe Tawi

Kipandikizi cha kuombwa hunyauka.
Aliniambia hayo mama mkwe, Eudosia,
siku niliyoingia uani kwake, Tafí Viejo,
mlima umejaa mvua, nguo zimegoma kukauka.
Cha kupewa, alisema, hukaa kitako
kama mgeni aliyekataa kupokea jembe.
Cha wizi hushika mizizi usiku ule ule.
Kinajua kilitamaniwa.

Basi nikaiba.

Mbugambilia hii ya rangi ya divai
ni ya masista wa konventi:
niliitoa langoni ndani ya mkono wa sweta,
miiba ikinichanja hadi kwapani,
nami naitikia baraka zao, amina, amina.
Haibiskasi ya njano, yenye doa jekundu moyoni,
ni ya Abregú, daktari wa meno.
Alining'oa gego, nikamng'oa tawi.
Hatudaiani.
Na tarumbeta za malaika, hizi nyeupe
zinazoinamisha vichwa mchana kutwa
na kuanza kunukia watu wakishakula chajio,
zilitoka makaburini, juu ya kifua
cha Liborio Paz, nisiyemjua hata kwa sura.
Kila Novemba humpelekea mshumaa.
Kodi ndogo hiyo.

Ua la ndege alileta Fermín,
limesimama ndani ya kopo la grisi
kutoka karakana ya reli,
udongo umeingia ndevuni mwake.
Aliapa ameliiba kwa mkuu wa stesheni.
Miaka sita, majani tu.
Majani makubwa, ya kijivu, kama makasia,
wala si mdomo, wala si kishungi.
Ndipo nikaikuta risiti
katika mfuko wa koti lake la Jumapili.
Sikumwambia neno.
Nililing'oa, nikalirusha nyuma ya ukuta,
na saa ya usingizi wa mchana,
mtaa mzima umefunga madirisha,
nikazunguka kwa nje, nikaliiba.
Masika iliyofuata likatoa ndege wanne.

Julai sakitu hushuka kutoka mlimani
bila kubisha hodi.
Hapo hutoa shuka zote, hata za harusi,
nikaifunika miti hii isiyozoea baridi,
bustani nzima ikalala kitandani
huku mimi na mume wangu
tunatetemeka chini ya makoti.
Alikuwa akilalamika: Herme, hata foronya?
Hata foronya.
Tangu tumzike, shuka zinatosha.

Husemwa siku za mwizi ni arobaini.
Mimi nina miaka arobaini na mmoja humu
na aliyekuja kunikamata ni mtoto wa darasa la nne,
Ailín, wa nyumba ya kona,
soksi moja imepanda, moja imeshuka.
Jana alisimama langoni, mikono nyuma,
akaomba kwa adabu zote alizofundishwa
tawi dogo tu la haibiskasi ya njano.

Nikasema hapana.

Midomo yake ilianza kucheza.
Nikakaza uso: mimi sigawi maua,
nenda kamwambie na mama yako.
Kisha nikasema, kwa sauti ya kumfikia na kiziwi,
kwamba naingia kuteleka birika
na kwamba birika langu ni zee, linachelewa.
Mkasi nikausahau juu ya ukuta.
Lango nalo nikalisahau.

Jikoni nilisimama nimeupa mlango mgongo.
Nilisikia kokoto. Kimya. Kokoto tena.
Birika likachemka, likapiga mbinja,
nikaliacha lipige
mpaka hatua zile zilipogeuka kuwa mbio.

Nilipotoka, mkasi ulikuwa mahali pake,
umefutwa vizuri, nadhani kwa sketi.
Nikalikagua tawi.
Amekata vibaya maskini, mbali na kifundo,
kipande hicho hakitaota hata akikibembeleza.

Itambidi aje tena.
Kesho birika litachelewa zaidi.