Bahari Begani

Mimi mlima sikuupanda. Nilishika fimbo.
Fimbo ya mita tatu, mistari myeusi kwa mekundu,
nami ubavuni mwake nimebana pumzi
hadi Ishwori aondoe jicho kwenye darubini
na kusema: "Songa."
Hatua arobaini. Simamisha. Bana pumzi. Songa.

Tulianzia kwetu tambarare, penye mpunga,
kwenye jiwe lenye kichwa cha shaba
ambalo mbuzi wa shangazi alizoea kulikojolea.
Jiwe hilo, tuliambiwa, lina habari za bahari:
lilipashwa na jiwe jingine, nalo na jingine,
mnong'ono wa mawe toka pwani ya India
hadi kwa sisi Watharu, tusioijua chumvi ila ya dukani.
Bahari sijaiona. Ishwori kaiona mara moja,
dirishani mwa ndege, usiku.
"Lautan," akaniambia, "ibebe."
Nikaiweka begani.

Saa nne asubuhi tulikuwa tukifunga kazi,
maana jua likikolea hewa hucheza,
na namba zikacheza nayo.
Kuna mara tulirudi nyuma siku mbili nzima,
ruba wakitunywa miguu,
kwa ajili ya milimita nne zilizopotea
baina ya daraja na duka la chai.
Mwenye duka alicheka hadi akamwaga maziwa.
"Mlima wote ule! Mkikosa unene wa kucha
nani atajua?"
Ishwori hakucheka.
"Kucha leo, kucha kesho,
tukifika tutakuwa tumepoteza mkono."

Usiku alitufunza jambo lililoninyima usingizi:
kwamba mlima huvuta.
Timazi ikining'inia karibu nao huuinamia kidogo,
kama mtu mbele ya mkwewe.
Na kwamba chini ya theluji, chini ya mwamba,
sharti tuichore bahari isiyokuwepo,
maji ambayo yangetulia pale
lau mtu angechimba mfereji kutoka pwani,
na hata hayo yasingelala sawa; yangepanda, yakivutwa.
Namba yote ya mlima imesimama juu ya maji hayo
ambayo samaki hajayaonja.

Kisha kijiji cha Warai, mteremkoni,
mashuke ya mahindi yamefungwa chini ya mapaa.
Zamu ya fimbo ikaangukia mlangoni pa Dilsari.
Hakuuliza habari za mlima,
huo huuona kila aendapo kuchota maji.
"Kizingiti changu kiko juu kiasi gani?"
Ishwori akapiga hesabu gotini.
"Elfu moja mia tisa ishirini na sita."
"Juu ya nini?"
"Juu ya bahari, mama."
Kuku akapita kati yetu.
"Mwanangu anajenga Doha. Kwenye picha
maji yako nyuma yake, sawa na viatu vyake."

Hakuna aliyejibu.
"Basi hiyo," akasema, "ndiyo aliyoshuka."

Akaleta mkaa, akaniomba nimwandikie mwimoni.
Nikaandika. Akaikagua
kama anavyokagua pesa ya Doha ikifika.
"Na senti zake?"
Ishwori akalifungua tena daftari.
"Thelathini na nane."
"Ziandike. Zisibaki kwenu."

Redio ilipoisoma namba ya mlima,
nilikuwa nimesharudi kwetu, mpungani,
maji yananifika vifundoni.
Jirani akapiga makofi, akaniita jina langu.
Nami nimesimama wima, sina fimbo,
nimebana pumzi.