Barafu

Nimekulia Kibirizi, kwenye barafu.
Migebuka wa baba walilala humo siku nne
wakatoka vilevile, macho wazi.

Basi kule Mwanga, mashine iliponing'ata kiuno,
sikuuliza. Dada wa saluni alisema
mafuta yataganda, yatakufa, yatakwenda zake.
Ganzi wiki mbili. Sawa.
Damu kuvilia. Sawa, khanga husitiri.

Mwezi wa tatu yakarudi,
magumu, yana pembe
za kile kibao cha mashine:
mche wa sabuni ya mawese
umefichwa chini ya ngozi.

Daktari akabonyeza, akaandika, akafuta.
"Huwatokea wachache."

Wachache ndio mimi, Bukuru binti Ntahondi,
niliyejua tangu utotoni
kwamba barafu haiui kitu.
Hukitunza.